Mchezo wa kutoroka kwa marudio ya mtihani: bahasha, makufuli au fomu ya mtandaoni?

Kanuni ya mchezo wa kutoroka darasani ni rahisi. Kundi linapewa maswali, majibu yanazaa msimbo, msimbo unafungua hatua inayofuata, na saa inahesabu. Ulianza kama burudani. Kampuni ya SCRAP iliuandaa Kyoto, Japani, mwaka 2007, na baadaye walimu wakaona kwamba fumbo linaweza kubeba maswali ya somo lolote.

Mwalimu anapochagua aina ya mchezo, mara nyingi huanza na gharama na msisimko. Yote mawili yana uzito. Lakini marudio yana kazi moja kubwa: kumwonyesha mwanafunzi asichokijua wakati bado ana nafasi ya kukirekebisha. Kwa hiyo katika ulinganisho huu kila aina inapimwa kwanza kwa swali hili: mwanafunzi akikosea, anapata nini?

| | Bahasha | Makufuli | Fomu ya mtandaoni |
|---|---|---|---|
| Akikosea | anapata kadi inayoeleza kosa lake | kufuli halifunguki, basi | anapata ujumbe mmoja, au maelezo kamili ukiyatengeneza |
| Vifaa kwa makundi 8 | bahasha 16, kadi 68 hivi | masanduku 8, makufuli 24 hadi 32 | simu, vishikwambi au kompyuta 8 zenye intaneti |
| Maandalizi ya mara ya kwanza | marefu | mafupi, ukishakuwa na vifaa | ya kati hadi marefu |
| Kubahatisha | kunazuilika | rahisi kuliko inavyoonekana | rahisi, usipoweka kizuizi |
| Kinachoharibika mara kwa mara | bahasha kufunguliwa ovyo | msimbo wa kufuli kubadilika | mtandao kukatika, majibu kuvuja |

Bahasha

Namna iliyozoeleka ya bahasha ni dhaifu. Kundi linamletea mwalimu msimbo, naye anatazama mwongozo wake, kisha anatoa bahasha inayofuata au anawarudisha. Kwa makundi 8 na hatua 4, hizo ni safari 32 hata kama hakuna anayekosea. Kila safari ikichukua sekunde 20, zaidi ya dakika 10 za kipindi zinaishia mezani. Foleni inakua, walio nyuma wanasikia misimbo ya wenzao, na mwalimu haoni kinachoandikwa kwenye karatasi ya mtu yeyote.

Namna bora ni kubandika bahasha ukutani, kila moja na namba yake, na nyingi kati ya hizo ziwe bahasha za makosa. Chukua hatua ya hesabu yenye maswali matatu:

3 + 4 × 2
5 − (−3)
2³

Majibu sahihi ni 11, 8 na 8. Kundi linayajumlisha, linapata 27, na ndani ya bahasha namba 27 kuna maswali ya hatua ya pili. Aliyejumlisha kabla ya kuzidisha katika swali la kwanza amepata 14, na jumla yake ni 30. Aliyepuuza alama ya hasi ndani ya mabano amepata 2, jumla 21. Aliyezidisha 2 kwa 3 badala ya kuzidisha 2 × 2 × 2 amepata 6, jumla 25. Bahasha namba 30, 21 na 25 nazo ziko ukutani. Kadi iliyo ndani ya 30 inasema: "Kuzidisha hutangulia kujumlisha. Rudieni swali la kwanza, kisha fanyeni 5 + 2 × 6 kabla ya kuja tena ukutani." Mwanafunzi amekosea, na ndani ya nusu dakika ameambiwa amekosea wapi na kwa nini. Hakuna mwalimu anayeweza kuyafikia makundi manane kwa kasi hiyo.

Jumla hizo hazikutokea kwa bahati. Kosa la kwanza linaongeza 3 kwenye jumla, la pili linapunguza 6, la tatu linapunguza 2. Kwa kuwa tofauti hizo hazifanani, kila kosa lina namba yake. Makosa mawili kwa pamoja yanatoa 24, 28 au 19, na yote matatu yanatoa 22. Hakuna inayogongana na nyingine. Kama makosa mawili yangepunguza 2 kila moja, kundi lingefika kwenye bahasha ileile kwa njia mbili na kadi ingetoa maelezo yasiyowahusu. Ndiyo maana unapotunga hatua andika kwanza tofauti za makosa kando, kisha badilisha namba za maswali mpaka kila mchanganyiko utoe jumla yake.

Kwa namba ambazo hazina bahasha, andika kanuni moja juu ya ukuta: "Namba yenu haipo? Kila mmoja arudie maswali yote matatu peke yake, kisha mlinganishe."

Makosa yenyewe usiyatunge kichwani. Yatoe kwenye mazoezi na majaribio uliyokwisha kusahihisha, maana bahasha ya kosa ambalo hakuna mwanafunzi hulifanya itakaa ukutani bila kuguswa. Kazi hii ndiyo inayokula muda wa maandalizi, na ndiyo inayostahili muda huo.

Kuhusu vifaa, kila hatua inahitaji bahasha moja sahihi na tatu za makosa. Hatua nne ni bahasha 16. Bahasha sahihi iwe na nakala 8 za maswali yanayofuata, moja kwa kila kundi. Bahasha ya kosa inatosha kuwa na nakala 3, kwa sababu kadi husomwa na kurudishwa. Jumla ni 32 na 36, yaani kadi 68. Tumia rangi moja ya karatasi kwa kila hatua, la sivyo namba 25 ya hatua ya kwanza itachanganywa na 25 ya hatua ya tatu.

Unene nao una siri yake. Bahasha yenye nakala nane hutuna, yenye tatu hulala, na wanafunzi huligundua hilo haraka sana. Jaza za makosa kwa karatasi tupu mpaka zilingane.

Hatari kubwa ya bahasha ni kundi kufungua moja baada ya nyingine mpaka likute maswali. Vitu viwili huzuia hilo. Kwanza, kila kundi liwe na mjumbe mmoja kwa kila hatua, na aruhusiwe bahasha moja tu kwa safari, akiwa ameshika karatasi ya kazi yenye jumla iliyoandikwa kwa wino. Pili, simama karibu na ukuta. Kwa kuwa huna foleni ya kusahihisha, nafasi ya kusimama hapo unayo.

Nyuma ya kila kadi ya kosa chora mstari ambapo mjumbe anaandika namba ya kundi lake. Kipindi kikiisha unakusanya kadi na kuhesabu. Kama makundi sita kati ya manane yalipitia bahasha namba 21, umejua kitu cha kufundisha upya kabla ya mtihani, na umekijua bila kusahihisha daftari hata moja.

Makufuli

Sanduku lenye kufuli halina mpinzani kwa kuwainua wanafunzi waliochoka. Halihitaji intaneti. Vifaa vyake hudumu miaka, kwa hiyo mchezo wa pili na wa kumi ni suala la kuandika maswali mapya na kubadilisha misimbo. Kampuni kama Breakout EDU ya Marekani huuza seti kamili, ingawa sanduku lolote lenye pete ya kupitishia kufuli linafaa.

Udhaifu wake uko palepale tulipoanzia. Mwanafunzi aliyekosea anapata chuma kilichokataa kufunguka. Hajui ni swali lipi, wala kama amekosea moja au yote.

Na mara nyingi hatarudi kwenye maswali, atabahatisha. Kufuli la tarakimu 3 lina misimbo 1,000 na la tarakimu 4 lina 10,000, namba zinazotia moyo mpaka ukumbuke kwamba kundi tayari linajua baadhi ya tarakimu. Lililojibu vizuri maswali mawili kati ya matatu limebakiwa na majaribio 10, na kwa sekunde tatu kila moja, nusu dakika inatosha. Maswali ya kuchagua A hadi D yaliyogeuzwa kuwa 1 hadi 4 ni mabaya zaidi: maswali manne yana michanganyiko 256, lakini anayejua mawili amebakiza 16. Kufuli linampa njia ya mkato kwenye swali lilelile asilolijua, ambalo ndilo hasa alipaswa kulirudia.

Ukichagua makufuli, weka vizuizi hivi tangu mwanzo. Kila tarakimu itokane na majibu ya maswali mawili, kwa mfano tarakimu ya mwisho ya jumla yake, ili kujua nusu kusitoshe. Jaribio lililoshindikana lifuatiwe na dakika 2 za kutogusa kufuli. Kila kundi lipewe kadi mbili za msaada, na kadi moja inunue jibu la swali hili tu: "Ni namba gani kati ya kazi zetu ina kosa?" Jibu hilo linarudisha kwa kiasi fulani kile ambacho bahasha hutoa zenyewe.

Kuna tatizo la ufundi ambalo huharibu vipindi vizima. Makufuli mengi ya namba hubadilishwa msimbo yakiwa wazi: kwa aina iliyoenea sana, unazungusha chuma kilichopinda cha juu, unakibonyeza, unapanga namba mpya, kisha unakirudisha. Mwanafunzi aliyefungua kufuli na kulichezea mkononi anaweza kufanya hivyohivyo bila kujua. Kanuni iwe kwamba kufuli lililofunguka linawekwa mezani mara moja, halichezewi, na namba zake hazizungushwi. Kabla ya kipindi, fungua na ufunge kila kufuli mara mbili kwa msimbo wake, na bandika chini ya kila moja namba ya kulitambulisha. Makufuli 32 yanayofanana yakichanganyika, kuyapanga upya ni kazi ya jioni nzima. Makufuli hafifu pia hulegea namba inapokaa mahali pake ukiyavuta huku unazungusha. Yajaribu hivyo wewe mwenyewe, na yaliyolegea yatumie kwa hatua za mwanzo pekee.

Kama makufuli ni machache, bamba la kufungia lenye matundu sita linaruhusu makufuli sita kwenye sanduku moja la darasa zima, na kila kundi linashughulikia lake. Hufanya kazi vizuri kwa wanafunzi 12 hadi 18. Zaidi ya hapo wengi hugeuka watazamaji.

Fomu ya mtandaoni

Njia iliyozoeleka ni Google Forms. Unagawa fomu katika sehemu, na mwisho wa kila sehemu unaweka swali la jibu fupi lenye uthibitishaji wa jibu: chagua namba, kisha sawa na, kisha msimbo wako. Lifanye swali kuwa la lazima. Asiyeandika msimbo sahihi hawezi kwenda sehemu inayofuata, na unaweza kuandika mwenyewe ujumbe atakaouona, kwa mfano "Angalieni tena vipimo vya swali la 2."

Tumia tarakimu badala ya maneno. Neno linaleta ugomvi wa herufi kubwa na ndogo, nafasi iliyoachwa mwishoni na tahajia, na kundi lenye jibu sahihi linazuiwa kwa sababu isiyohusu somo. Epuka pia msimbo unaoanza na sifuri.

Kuna kasoro ambayo wengi hawaioni mpaka wafungue matokeo. Kwa kuwa fomu hukataa msimbo usio sahihi, kila fomu iliyotumwa ina misimbo sahihi mitupu. Jedwali la matokeo linaonyesha darasa lisilo na kosa hata moja! Makosa yote yalifutwa njiani, na pamoja nayo taarifa uliyoihitaji.

Dawa ni kuacha kutegemea jibu fupi peke yake na kutumia swali la kuchagua jibu lenye njia tofauti. Katika swali la kuchagua, fomu inakuruhusu kupeleka kila jibu kwenye sehemu yake. Chaguo sahihi linakwenda sehemu inayofuata. Kila chaguo lenye kosa linakwenda kwenye sehemu ndogo ya maelezo ya kosa hilo. Hii ndiyo bahasha ya kosa katika umbo la kielektroniki, na inafaa sana kwa masomo ambayo majibu yake si namba. Hapa uangalifu unahitajika: ukimrudisha mwanafunzi kwenye swali lilelile, atabadilisha jibu lake, na fomu itahifadhi lile la mwisho tu. Usimrudishe. Ndani ya sehemu ya maelezo weka swali jipya linalofanana na lile, kisha mpeleke mbele. Hapo jibu lake la kwanza linabaki kwenye kumbukumbu, na unaona pia kama maelezo yalimsaidia.

Mambo mengine ya fomu yanaelezeka haraka. Msimbo umo ndani ya ukurasa wenyewe, kwa hiyo mwanafunzi anayejua kusoma msimbo chanzo wa ukurasa (maandishi ya kompyuta yanayouunda) anaweza kuupata. Picha ya majibu husambaa kwenye simu kabla darasa la pili halijaingia. Tengeneza nakala ya pili ya fomu yenye namba tofauti. Asiyeingia kwa akaunti anaweza kupoteza kila kitu ukurasa ukijifungua upya, hivyo majibu yaandikwe pia kwenye karatasi. Na kifaa kimoja kwa watu wanne humpa mtu mmoja usukani, wengine wakabaki kuchungulia. Kwa fomu, makundi ya watu wawili au watatu ndiyo yanayofaa.

Somo linavyobadilisha uamuzi

Hesabu, fizikia na kemia ya kukokotoa zinaingia kwa urahisi katika aina zote tatu, na bahasha za jumla zimekaa kama zilitungwa kwa ajili yake. Historia huvutia walimu kwenye mafumbo ya kupanga matukio, nayo yanahitaji tahadhari. Panga kuundwa kwa Umoja wa Mataifa (1945), kurushwa kwa setilaiti ya Sputnik (1957), binadamu kutua mwezini (1969) na kuanguka kwa Ukuta wa Berlin (1989): matukio manne yana mipangilio 24, lakini anayejua la kwanza na la mwisho amebakiza miwili tu. Tumia matukio sita, au uliza sababu na matokeo kupitia fomu yenye njia tofauti.

Insha na majibu marefu hayageuki kuwa msimbo. Kinachowezekana ni kuwapa wanafunzi majibu matatu ya mfano pamoja na mwongozo wa kusahihisha, wayape alama kati ya 5, na alama hizo ziwe msimbo. Wanajifunza jinsi mtahini anavyotazama kazi. Lakini hawaandiki, kwa hiyo mtihani wenye insha nyingi unahitaji pia kipindi cha kawaida cha kuandika.

Mafumbo ya maandishi ya siri, kioo na wino usioonekana yanastahili nafasi ndogo sana. Dakika sita za kubadilisha herufi kuwa alama ni dakika sita ambazo hakuna mada iliyorudiwa. Kama fumbo linaweza kufumbuliwa na mtu ambaye hajawahi kuingia kwenye somo lako, litoe.

Siku, makundi na saa

Mchezo usifanyike siku moja kabla ya mtihani. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma tena kifungu na waliojipima kukikumbuka. Baada ya dakika 5 waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima waliwazidi wazi. Siku nne hadi saba kabla ya mtihani zinaipa faida hiyo muda wa kuonekana, na zinakuachia kipindi cha kurekebisha makosa yaliyojitokeza.

Faida hiyo humwendea aliyekumbuka mwenyewe. Katika kundi la watu watano, wawili hukumbuka na watatu hunakili. Weka watu watatu au wanne, kila mmoja na karatasi yake, na kila hatua ianze na dakika 2 za kimya ambapo kila mtu anajibu peke yake kabla ya kulinganisha. Wanafunzi watalalamika kwamba saa inakwenda. Ongeza dakika kwenye saa, usiondoe ukimya.

Kwa kipindi cha dakika 40, tenga 4 za maelekezo, 26 za mchezo na 10 za kujadili makosa. Hatua 3 zinatosha kwa muda huo ukiwa na maswali 3 au 4 kwa kila moja. Hatua 4 ziachie kipindi cha saa nzima. Dakika 10 za mwisho hazikopwi. Kundi ambalo halijamaliza lisimamishwe lilipo na lipewe maswali yaliyobaki kwa kazi ya nyumbani.

Chagua hivi

Kama una jaribio lililosahihishwa na unayajua makosa ya wanafunzi wako, tengeneza bahasha, hata kama shule ina kompyuta za kutosha. Kama wanafunzi wako katika maeneo tofauti, au majibu ni ya kuchagua zaidi kuliko ya kukokotoa, tengeneza fomu yenye njia tofauti. Makufuli yapeleke kwa darasa dogo, kwa marudio ya mada ambayo tayari inaeleweka, au yaweke mwisho wa mchezo wa bahasha: hatua zote kwa bahasha, kisha kufuli moja la tarakimu 4 kwa kila kundi, likiwa limekusanya tarakimu moja kutoka kila hatua. Mchanganyiko huo unahitaji makufuli 8 badala ya 32. Kufika kwenye kufuli kundi limeshapita kwenye maelezo ya makosa yake, hivyo hata likibahatisha tarakimu moja hapo mwisho, hakuna swali lililorukwa.

Kwa darasa la wanafunzi zaidi ya 60, acha makundi yanayotembea. Andika hatua ubaoni, kila safu ijibu swali lake na kutoa tarakimu moja, na msimbo wa darasa zima usomwe kwa pamoja. Msimbo ukikataa, taja safu yenye kosa na uipe dakika 2 za kurudia, huku safu nyingine zikifanya swali hilohilo kwenye karatasi zao.